Sumu Mbili Zakutana Kitandani

Sisi wa Mbooni, Kenya, hatuhitaji kufundishwa kwamba sumu na dawa ni ndugu. Babu zetu walichemsha mti wa sumu hadi ukawa kama lami, wakaipaka mishale, na mnyama mkubwa akaanguka. Ndiyo maana, nilipokuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, dawa iliyonivutia kuliko zote ilikuwa neostigimini.

Chimbuko lake ni Calabar, Nigeria. Huko mtuhumiwa wa uchawi alilishwa mbegu ya esere: akiitapika, hana hatia, akifa, hukumu imekwisha. Mwaka 1855 Robert Christison wa Edinburgh aliionja mwenyewe. Ilipomzidia alikunywa maji aliyonyolea ndevu ili atapike. Mwaka 1864 Jobst na Hesse wa Ujerumani walitenga kiini chake, fisostigimini. Mwaka 1931 Aeschlimann na Reinert wa kampuni ya Roche, Basel, waliunda neostigimini kwa mfano wake. Madaktari waliitumia kuamsha matumbo yaliyolala baada ya upasuaji.

Mwaka 1942 Griffith wa Montreal aliingiza kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, katika upasuaji ili kulegeza misuli. Ili kuitengua, ikachomwa neostigimini. Sumu ya mahakama ikawa mtenguzi wa sumu ya mawindo.

Wodini, kabla Makueni haijajitenga na Machakos mwaka 1992, swali la asubuhi kwa waliopasuliwa lilikuwa moja, kujua kama tumbo limeamka: "Mzee, umetoa hewa?" Wazee wa Kikima na Tawa waliona haya kumjibu binti wa kijijini kwao, huku jamaa wakingoja nje na chupa ya uji. Tumbo likiwa bado limelala, mara nyingi jibu letu halikuwa sindano ya neostigimini. Tulimtembeza mgonjwa, tukamwekea dripu na, tumbo likijaa, mpira wa puani.

Sindano ina mahali pake. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 1999, wagonjwa 11 ambao utumbo wao mpana ulivimba bila kuziba walipewa miligramu 2, na 10 wakapata nafuu upesi. Kati ya 10 waliopewa maji ya chumvi, hakuna aliyeipata. Lakini dawa hii huweza kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo atropini, dawa ya kuyapandisha, huwa tayari kando. Na utumbo ukiwa umeziba kweli, kuulazimisha usukume kunaweza kuupasua. Basi jamaa wa mgonjwa, msimshinikize daktari achome sindano. Mwacheni apime kwanza, na ninyi msaidieni mzee kusimama.