Kocha Aliyeacha Sheria

Tangu niache chuo, watu hunipa moyo kwa hadithi za walioacha masomo wakatoboa. Anson Dorrance ni mmoja wao. Alikuwa akisomea sheria alipokabidhiwa timu ya soka ya wanaume ya Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka 1977. Akaacha darasa, akabaki uwanjani. Mwaka 1979 akaongezewa ya wanawake, akaishindia mataji 21 ya NCAA.

Lakini hadithi hiyo huruka 1972, mwaka ambao sheria ya Marekani iitwayo Title IX ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu. Timu za wanawake zikaanzishwa, zikahitaji makocha. Bidii alikuwa nayo, sawa. Ila sheria aliyoiacha darasani ndiyo iliyomfungulia mlango. Kwa hivyo ukinitajia Dorrance, nionyeshe pia mlango wangu uko wapi.