UZI: Tundu la prosesa, na historia ya nani anaamua kompyuta yako ife lini

1/7
Kila mwisho wa mwezi inboksi inajaa swali lile lile, hasa kutoka kwa wauguzi wenzangu wanaosoma digrii huku wako kazini: "Sista, kompyuta yangu imekuwa nzito, nina laki mbili, ninunue prosesa gani?"

Nami huwa narudisha swali: mazabodi yako ni ipi?

Watu huona kama nawakwepa. Lakini prosesa haikai hewani, inakaa kwenye tundu lake juu ya mazabodi, na tundu hilo tunaliita soketi. Tundu ndilo linaloamua ni prosesa zipi unaweza kuweka, ram ya aina gani utatumia, na siku moja utaambiwa "hapa ndiyo mwisho, nunua mashine nyingine." Nani aliamua mwisho uwe hapo? Hiyo ina historia ya zaidi ya miaka 40, na ukiijua huibiwi kirahisi dukani. Shuka nayo.

2/7
Tuanze 1981. IBM walipotoa kompyuta yao ya PC walitumia prosesa ya Intel 8088. Ila IBM hawakutaka kumtegemea muuzaji mmoja. Ni kama famasi ya hospitali: dawa muhimu ikitoka kwa msambazaji mmoja tu, siku akikwama wodi nzima inakwama. Kwa hiyo Intel ikabidi ikubali kampuni nyingine zitengeneze prosesa hizo hizo, na mwaka 1982 AMD wakasaini makubaliano na Intel.

Prosesa ya 386 ilipotoka mwaka 1985, Intel wakabana, hawakumpa AMD ruhusa. Kesi ikaenda miaka. AMD wakaja kutoa 386 yao mwaka 1991, ikafika MHz 40 wakati ya Intel iliishia MHz 33, na ilikaa kwenye mazabodi za 386 zilizokuwepo sokoni.

Hapo mnunuzi wa kawaida akaanza kufaidi. Tundu moja, wauzaji wawili, bei ikashuka.

3/7
Kilele cha uhuru huo kilikuwa Socket 7, katikati ya miaka ya 90. Tundu moja lilipokea Pentium ya Intel, K5 na K6 za AMD, na 6x86 ya Cyrix. Uliweka volti sawa kwa vile vijumpa vidogo kwenye mazabodi, ukainua kile kishikio cha pembeni, ukatoa ya zamani, ukaweka mpya. Kwisha kazi.

Mwaka 1997 Intel wakabadilisha mchezo. Pentium II haikuja na pini za kuchomeka kwenye tundu. Ilikuja kama kaseti, inachomekwa wima kwenye mfereji ulioitwa Slot 1. Slot 1 ilikuwa mali ya Intel, na AMD na Cyrix hawakuwa na ruhusa ya kuitumia. Mlango ukafungwa.

AMD wakabaki kwenye tundu la zamani na kuliboresha. Mwaka 1998 likaja Super Socket 7, njia ya mawasiliano ikapanda kutoka MHz 66 hadi 100, na K6-2 ikawa kimbilio la wenye bajeti ndogo. Intel nao wakahisi shimo huko chini, wakatoa prosesa ya bei nafuu: Celeron.

4/7
Hapa ndipo napopapenda kuliko pote.

Celeron ya kwanza, Aprili 1998, ilikuwa dhaifu kwa sababu waliiondolea kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa. Watu wakaicheka. Agosti mwaka huo huo wakatoa Celeron 300A ikiwa na kashe ya KB 128 ndani ya prosesa yenyewe, ikienda kasi ile ile ya prosesa. Pentium II ya bei kubwa ilikuwa na KB 512, lakini ikienda nusu ya kasi.

Sasa fanya hesabu na mimi. Celeron 300A ilizidisha kasi ya mazabodi mara 4.5. Mazabodi ikiwa MHz 66, unapata 300. Lakini mazabodi zenye chipseti ya Intel 440BX, mfano Abit BH6, ziliweza kwenda MHz 100. Zidisha 100 kwa 4.5: unapata 450. Ndiyo kasi ya Pentium II kubwa kuliko zote wakati ule, na Celeron iliuzwa chini ya theluthi ya bei yake.

Si kila moja ilivumilia, lakini nyingi zilivumilia. Mwaka 1999 Abit wakaenda mbali zaidi: mazabodi yao ya BP6 ilibeba Celeron mbili kwa pamoja, jambo ambalo Intel hawakulikusudia kwa prosesa za bei ya chini.

Ona nani alileta nguvu hapo. Mwenye mazabodi ya kawaida na Celeron ile ile alibaki na MHz 300 yake. Aliyechagua mazabodi vizuri alipata 450.

5/7
Sasa twende kwenye mtego unaokula pesa za watu hadi leo: tundu kufanana.

Wauguzi mtanielewa haraka. Mgonjwa ni kundi B, chupa ya damu ni kundi B. Unaning'iniza tu? Hapana. Unasubiri maabara wafanye krosimachi, kwa sababu kundi kufanana hakutoshi. Kwenye kompyuta, soketi ni kundi la damu. Chipseti na bayosi ya mazabodi ndiyo krosimachi.

LGA 775 ilianza 2004 na Pentium 4, ikaja kubeba hadi Core 2 Quad. Tundu moja miaka yote hiyo. Lakini Core 2 zilipotoka 2006, mazabodi nyingi za mwanzo hazikuweza kuziwasha, ingawa ziliingia kwenye tundu bila shida.

Mwaka 2017 ikajirudia kwa ukali zaidi. LGA 1151 ilikuwa ya Intel kizazi cha 6 na cha 7. Kizazi cha 8 kikaja na tundu lenye jina hilo hilo na idadi hiyo hiyo ya pini, lakini kinataka mazabodi mpya za chipseti za 300. Intel walisema sababu ni mahitaji ya umeme. Mafundi wakorofi wakachezea bayosi na pini, na baadhi wakafanikiwa kuziwasha kwenye mazabodi za zamani. Hapo ndipo hasira zilipopanda.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi alijichanga miezi minne, akanunua i5 ya kizazi cha 8 aweke kwenye mazabodi yake ya kizazi cha 6. Muuzaji alimwambia "tundu ni lile lile kaka." Kweli, iliingia vizuri kabisa. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Na kurudisha ikashindikana. Aliuziwa kundi sahihi bila krosimachi.

6/7
Kuna mara moja ambapo wanunuzi walisukuma mlango ukafunguka. Ni tundu la AM4 la AMD.

Ryzen zilianza 2017 na AMD waliahidi kulitunza tundu hilo miaka kadhaa. Mei 2020 wakatangaza kwamba prosesa zijazo, Ryzen 5000, zitakubali mazabodi mpya za chipseti za 500 tu. Sababu mojawapo waliyotoa: chipu inayohifadhi bayosi kwenye mazabodi nyingi ilikuwa ya MB 16, haitoshi kubeba maelezo ya prosesa zote. Watu waliokuwa wamenunua mazabodi za B450 kwa kutegemea ahadi wakapiga kelele dunia nzima. Kabla mwezi huo haujaisha, AMD wakageuka: B450 na X470 zitapewa bayosi. Mwaka 2022 hata mazabodi za 2017 zikafunguliwa rasmi.

Yaani mtu aliyenunua mazabodi mwaka 2017 aliweza kuweka prosesa iliyotoka miaka 5 baadaye. Kilichokuwa "hakiwezekani" kikawezekana walipobanwa.

7/7
Haya, laki mbili zako sasa. Wengi wetu huku tunatumia mashine za mezani za mtumba, zile za maofisi ya Ulaya na Dubai. Fuata hatua hizi:

Kwanza, soma jina la mazabodi au modeli ya mashine, kisha tafuta kwa mtengenezaji orodha ya prosesa inazokubali na toleo la bayosi. Hiyo ndiyo krosimachi. Muuzaji akisema "inaingia", mwambie aiwashe mbele yako.

Pili, kama uko LGA 1155 au 1150 yenye Pentium au i3, usinunue mazabodi kwanza. Tafuta prosesa ya juu ya tundu lako ikiwa mtumba, kama i5-3470 au i7-3770 kwa 1155, na i5 au i7 ya kizazi cha 4 kwa 1150. Ongeza SSD na ram. Kwa kuandika ripoti na masomo ya mtandaoni inatosha.

Tatu, ujue mstari wa Windows. Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana. Ndiyo, ule mpaka wa 2017 ndani ya tundu la 1151 sasa unatenganisha mashine inayokubalika na isiyokubalika. Ukibaki na ya zamani, Linux ipo na ni bure.

Nne, ukiamua kubadilisha vyote, mazabodi ya AM4 yenye B450 bado ni njia nzuri. Anza na Ryzen 3 3200G, na siku ukipata pesa weka Ryzen 5 5600G juu ya mazabodi ile ile. Zenye herufi G zina picha ndani yake. Ryzen 5 3600 na 5600 zenyewe hazina, zitakudai kadi ya picha. Bayosi isasishwe kabla hujabadilisha prosesa. Na hesabu ram pia: DDR3 yako ya zamani haiingii AM4, inataka DDR4. AM5 iliyokuja 2022 inataka DDR5, hiyo tuwaachie wenye mfuko.

Tano, angalia plagi za umeme. Baadhi ya mashine za ofisi za Dell na HP zina plagi za aina yake, kwa hiyo mazabodi mpya inaweza kukulazimisha kununua na pawasapulai, pengine hata kasha.

Prosesa unaweza kubadilisha Jumamosi moja mchana. Mazabodi utaishi nayo miaka. Pesa ikiwa ndogo, anza na swali la tundu: nani mwingine anaweza kuja kukaa hapa baadaye?

Mwenye mashine aandike modeli yake hapo chini, nitapitia zote nikitoka zamu ya usiku. Mtumie na yule mwenzako anayesema "tundu ni lile lile".