Chujio lililofunga neno "matiti": historia fupi ya kuwalinda watoto mtandaoni

Wiki iliyopita dada yangu alinipigia simu kutoka Mwatate. Ana mtoto wa gredi ya 5 ambaye hutumia simu ya mama yake kutafuta kazi za shule, na dada ameanza kuwa na wasiwasi na yale mtoto anayokutana nayo humo. Akaniambia, "Wewe si mtu wa kompyuta? Basi niwekee hiyo programu ya kuzuia mambo machafu."

Nilicheka kidogo kisha nikanyamaza. Programu ya aina hiyo niliwahi kuitengeneza mwenyewe pale Voi, na hadi leo nikiikumbuka naona haya. Hebu leo tuzungumzie historia ya programu hizi, maana aibu yangu ni sehemu yake.

Tuanzie Marekani, mwaka 1995. Intaneti ilikuwa imeanza kuingia majumbani na wazazi wakashikwa na hofu. Bunge lao likatunga sheria ya kuwaadhibu wanaowafikishia watoto mambo ya aibu, ikatiwa saini Februari 1996. Juni 1997 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikavifuta vifungu vyake vikuu, kwa kuwa viliwanyima watu wazima haki ya kusema na kusoma. Kazi ya kulinda watoto ikabaki zaidi mikononi mwa wazazi, na tayari kulikuwa na programu za kuwauzia: SurfWatch, CYBERsitter, Net Nanny na nyinginezo. Desemba 2000 ikaja sheria nyingine, iliyozitaka shule na maktaba zinazopata ruzuku ya serikali kwa ajili ya intaneti ziweke vichujio. Biashara ikanoga.

Zilifanyaje kazi? Kwa orodha mbili tu: moja ya anwani za tovuti mbaya, na nyingine ya maneno mabaya. Kompyuta haielewi maana, inalinganisha herufi. Ndiyo sababu mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujiandikisha AOL, kwa sababu jina la mji wao limebeba tusi la Kiingereza katikati. Dunia nzima ya watu wa kompyuta ilicheka.

Mimi pia nilicheka. Kisha yakanifika.

Mwaka 2008 nilikuwa nikisimamia saiba moja pale Voi mjini. Kompyuta zilikuwa sita, na intaneti ilikuja kwa setilaiti, taratibu na kwa bei kali. Jioni wanafunzi walikuwa wakijaa. Mwenye saiba akaniita, akasema, "Kijana, hawa ni watoto wa watu. Fanya kitu." Nikaweka Squid, programu ya bure ya kupitishia maombi ya mtandao, nikapakua orodha ya maneno machafu ya Kiingereza na kuiamuru ifunge kila anwani yenye neno lolote kati ya hayo. Nikaandika na ukurasa mwekundu wenye maneno: "Ukurasa huu haufai. Msimamizi amearifiwa." Nilijiona mtaalamu.

Siku moja akaja msichana wa kidato cha tatu. Akafungua Google, akaandika: saratani ya matiti. Enzi hizo maneno ya utafutaji yalipita wazi ndani ya anwani, na katikati ya "matiti" kuna herufi tatu ambazo kwa Kiingereza ni neno la mtaani la kitu hicho hicho. Ukurasa mwekundu ukajaa kioo. Wavulana waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, mbona imeandika haufai? Ni ugonjwa wa mama."

Kabla sijapata jibu alikuwa ameshalipa na kutoka. Hakurudi tena. Sijui alizisoma wapi habari za ugonjwa wa mama yake.

Usiku ule nikaijaribu ile orodha kwa Kiswahili. "Mashitaka" ilifungwa. "Kushituka" ilifungwa. Ukitaka habari za mahakamani, wewe ni mhuni. Lakini matusi yetu yenyewe, ya Kiswahili na ya Sheng, yalipita yote bila kuulizwa, kwa sababu aliyeandika orodha hakuwahi kuyasikia. Chujio langu lilikuwa limemzuia msichana yule na kuwapitisha wale waliomcheka.

Halafu mambo yakabadilika haraka. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilianza kazi, na TEAMS nayo ikatua Mombasa mwaka huo huo. Watoto wakahamia kwenye simu, na kwenye simu kulikuwa na Opera Mini, iliyotolewa duniani kote mwaka 2006. Kivinjari hiki hakiendi kwenye tovuti moja kwa moja, bali hutuma ombi kwa seva za Opera, nazo huleta ukurasa ukiwa umebanwa. Ilitupunguzia gharama sana, lakini kichujio cha kuangalia anwani hakikuona tena mtoto anakwenda wapi. Baadaye tovuti nyingi zikahamia HTTPS, na orodha za maneno kama yangu zikapofuka kwa sehemu kubwa.

Sheria zetu nazo zimekuwa zikikimbiza: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayotaka idhini ya mzazi kabla ya kutumia data ya mtoto, Sheria ya Watoto ya 2022, na mwaka 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa mwongozo kwa kampuni za sekta hiyo kuhusu usalama wa watoto mtandaoni.

Basi dada yangu nilimfanyia nini? Nilipanda matatu hadi Mwatate. Simu za Android 9 na kuendelea zina mpangilio wa DNS ya faragha. DNS ni kama kitabu cha namba za simu cha intaneti. Niliandika humo family.cloudflare-dns.com, huduma ya bure iliyoanza 2020, ambayo hukataa kutoa namba za tovuti za ngono zinazojulikana. Nikawasha na SafeSearch ya Google. Kazi ya dakika tano.

Kisha nikamweleza dada kile ambacho mipangilio hiyo haiwezi. Haisomi ujumbe wa WhatsApp. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF uliotolewa mwaka 2021 kuhusu Kenya ulionyesha kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto mtandaoni ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Hakuna orodha ya maneno itakayomkamata huyo. Mtoto ndiye atakayesema, kama anajua hatagombezwa. Na akishindwa kumwambia mzazi, kuna namba 116, haina malipo.

Mtoto alikuwa amekaa pale anasikiliza. Akauliza, "Mjomba, na nikitafuta kitu cha shule kikafungwa?"

Nikamwambia amwonyeshe mama, au anipigie mimi, tutakitafuta pamoja. Na hakuna mtu atakayemcheka.