Nanga gani kwa Tanganika?

Mtu akiona nanga imelala juu ya mchanga wa pwani, anadhani kazi yake ni uzito tu. Chuma kikiwa kizito, basi chombo hakiendi popote. Wengi wamedhani hivyo, na mashua zao zimevunjika juu ya mawe. Nanga haishiki maji; inashika udongo ulio chini ya maji. Kwa hiyo mwenye kuchagua nanga kwa ziwa asilolijua, hana budi kuuliza kwanza: Huko chini kuna nini? Ni mbali gani? Na upepo unatoka wapi? Waliosafiri zamani katika ziwa letu la Tanganika iliwapasa wote kujibu maswali hayo matatu.

Tuseme kwanza maneno machache juu ya nanga zenyewe. Mabaharia wa pwani ya Waswahili wana majina mawili. Nanga ni ile yenye meno manne. Baura ni ile ya Kizungu, yenye meno mawili, na juu yake mti au chuma kimepita kama msalaba. Chuma hicho si pambo. Ndicho kinachoilaza baura hata jino moja lielekee chini, na kamba ikivuta, jino linaingia mchangani kama jembe. Kadiri linavyovutwa, ndivyo linavyozama. Lakini upeleke baura hiyo penye mawe! Ama jino linateleza, ama linaingia kati ya mawe mawili na halitoki tena, na mwenye chombo anakata kamba na kuacha mali yake chini. Nanga ya meno manne inashika mawe upesi, lakini katika tope laini inapita kama uma ndani ya uji. Na lile jiwe la wavuvi lililofungwa kamba? Tusilicheke. Maji yakitulia linafaa, na likipotea, hasara yake ni kamba tu.

Kamba nayo ina maana kuliko watu wanavyofikiri. Ikiwa fupi, inavuta nanga kwenda juu na kuing'oa. Ikiwa ndefu, inaivuta karibu na udongo, na jino linazidi kushika. Ndiyo sababu mabaharia hulegeza kamba mara tatu ya kina cha maji kwa uchache, na upepo ukiwa mkali mara tano, hata saba. Pima kumi za maji zataka pima hamsini za kamba, au zaidi.

Sasa tuitazame Tanganika. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, upana wake kilomita 50 hivi. Wataalamu Wabelgiji walioipima katika miaka 1946 na 1947 walikuta kina cha mita 1.470. Katika dunia nzima ni ziwa la Baikal tu, huko Urusi, linaloishinda kwa kina. Nchi yenyewe ilipasuka zamani sana, na maji yakajaa katika ufa huo. Basi mlima unaouona juu ya maji unaendelea kushuka chini yake. Penye milima mikali, kama Marungu upande wa Kongo na Kungwe upande wa Tanzania, chombo kinaweza kuwa karibu kabisa na pwani, na kamba yake yote isifike chini. Hapo baura nzuri ya Ulaya haina faida kuliko sufuria. Penye midomo ya mito, kama Ruzizi kaskazini na Malagarasi mashariki, mto umeleta mchanga na tope kwa karne nyingi, na huko baura inapata kazi yake.

Watu wa ziwa walijua hayo yote bila kitabu. Burton na Speke, Waingereza waliofika Ujiji mwaka 1858, walichukuliwa katika mitumbwi ya wenyeji. Wapiga makasia walifuata pwani, kutoka rasi hata rasi, na jioni walishuka nchi kavu wakalala. Stanley naye, mwaka 1876, alilizunguka ziwa kwa siku 51 katika mashua yake Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani ya bahari. Chombo chepesi nanga yake ni mchanga: wanaume wanakivuta juu, basi. Twaona kwamba hiyo ilikuwa akili, si woga.

Matata yalianza na vyombo vizito, visivyoweza kuvutwa juu. Edward Hore alikuwa baharia kabla ya kuwa mtumishi wa misioni ya Kiprotestanti ya London. Alifika Ujiji mwaka 1878. Hakuanza na meli kubwa. Alianza na chombo cha huko huko, akakiita Calabash, yaani Kibuyu, akapita nacho pwani kwa pwani akitafuta mahali chombo kinapoweza kukaa salama. Habari zake za ziwa zilichapishwa London mwaka 1882. Baadaye tu, mwaka 1883, ilishushwa majini mashua yake ya chuma, Morning Star, na mwaka 1885 meli ya moshi, Good News. Utaratibu huo twausifu: bandari kwanza, meli baadaye.

Baharia wa namna yake ana chombo kidogo kiitwacho bildi, nacho ni risasi nzito iliyofungwa kamba yenye alama za pima. Chini ya risasi mna kishimo, na ndani yake hupakwa mafuta magumu ya mnyama. Bildi ikigonga chini na kuvutwa, mafuta yanaleta habari. Yakija na mchanga, tia baura. Yakija na tope, tia baura na ulegeze kamba nyingi. Yakija safi, na risasi imekwaruzwa, jua kwamba ni mwamba, ukatafute mahali pengine. Kwa kitu hicho cha bei ndogo mtu anajua nanga gani inafaa kabla ya kupoteza hata moja.

Jibu la swali la tatu, lile la upepo, liko Kalemie. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unapiga kwa nguvu, nao una njia ndefu ya kuinua mawimbi. Kalemie haina ghuba ya kujificha. Mwaka 1915, katika vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walileta huko mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kila moja ya mbao na ya mita 12 tu. Zilikuwa zimepita njia ya ajabu: meli hata Cape Town, reli, ng'ombe na mashine za moshi za kuzivuta milimani, mto Lualaba, tena reli. Adui alikuwa ng'ambo, lakini mkubwa wao Spicer-Simson hakuzishusha majini mara moja. Alitaka kwanza ukuta wa mawe wa kuvunja mawimbi. Watu walipasua mwamba na kutupa mawe majini, na mashua zikashushwa siku chache tu kabla ya Noeli. Tarehe 26 Desemba ziliteka Kingani ya Wadachi, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Meli kubwa ya Wadachi, Graf von Götzen, walizamisha wenyewe mwezi wa Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, mashine zake zimepakwa mafuta ili zisiharibike. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua na kuivuta mpaka Kigoma. Huko dhoruba ikaizamisha mara ya pili! Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari, kwa jina la Liemba.

Tena liko jambo moja linalowadanganya hata wenyeji: ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga. Cameron alipofika mwaka 1874 aliukuta umezibwa na mchanga na majani. Mwaka 1879 maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu, na ziwa likaanza kushuka. Pwani ya Ujiji ilisogea, na mahali palipofungwa mitumbwi zamani pakawa nchi kavu. Siku zetu ni kinyume. Tangu mwaka 2020 maji yamepanda na kuingia katika nyumba za Kalemie, Uvira na Bujumbura. Mahali ambapo baba alilegeza pima ishirini za kamba, mwana leo anahitaji zaidi. Na mbele ya mtaa uliofunikwa na maji, penye kuta na mashina ya miti, jino la baura laweza kukamatwa kama penye mawe ya Marungu.