Hatia Iliyoandikwa Hufutwaje?

Leo tutazungumza habari ya hatia ya kuendesha gari hali umelewa, na jinsi hatia hiyo inavyoweza kufutwa. Labda utauliza, jambo hili nalo lina historia? Linayo, tena imepita hapa hapa kwetu Kilosa na Mikumi.

Tuanze na zamani. Katika milima ya Ukaguru, kaskazini ya Kilosa, mtu akimkosea mwenzake wazee walikaa barazani, wakasikiliza, na fidia ikalipwa. Na mtu aliyepatwa na uchafu wa kimila, kama ule wa msiba, aliitiwa mtani wake aje kumtakasa. Kazi ya mtani ikiisha, mtu yule alirudi kati ya wenzake. Hapakuwa na karatasi. Kosa lilikaa katika kumbukumbu za watu, na watu husahau.

Kisha kikaja kitabu cha mahakama, na kitabu hakisahau. Wadachi walijenga reli kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mwezi wa Agosti 1916 Waingereza waliiteka Kilosa, na baadaye wakaleta sheria zao. Hapa shika tarehe moja: 22 Julai 1920. Sheria za Uingereza za kuwahusu watu wote, zilizokuwako siku ile, ndizo zilizopokelewa Tanganyika. Nyingine zilitungwa papa hapa kwa mfano wa zile za kwao.

Huko kwao, tangu mwaka 1872 lilikuwa kosa mtu kulewa hali ana gari la farasi, ng'ombe au mashine ya mvuke njiani. Tarehe 10 Septemba 1897 dereva wa teksi wa London, George Smith, aliigonga nyumba kwa gari lake. Alikiri kosa, akatozwa faini. Huyu anahesabiwa kuwa dereva wa kwanza wa motokaa kutiwa hatiani kwa ulevi.

Sasa turudi Mikumi. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, hata Zambia, hupita katikati yake. Malori hupita usiku na mchana, na tembo nao huvuka. Dereva aliyelewa mahali kama hapo huhatarisha roho nyingi pamoja na yake. Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamkataza, na kipimo chake ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu.

Tuseme basi kijana mmoja amekamatwa, akafikishwa mahakamani. Alitozwa faini, akalipa, akaona yamekwisha. Miaka sita ikapita hanywi tena. Siku moja anaomba kazi ya udereva, anaambiwa alete hati ya tabia njema kutoka polisi. Anachukuliwa alama za vidole, na jambo lile la zamani linatokea. Anashangaa: "Si nililipa?" Ndiyo, alilipa adhabu. Lakini risiti ya faini si cheti cha kufutiwa hatia.

Mwaka 1974 Uingereza ilitunga sheria ya kumsaidia mtu wa namna hii. Kwa makosa yasiyo makubwa sana, aliyekaa vizuri muda uliowekwa, hukumu yake huhesabiwa imekwisha. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kujitawala tangu 9 Desemba 1961, na sheria iliyotungwa London baada ya hapo haikutuhusu. Tulirithi kitabu, kifutio hatukukirithi. Sheria ya jumla kama ile haimo katika sheria zetu.

Je, hakuna njia? Ziko mbili, nazo ni nyembamba.

Njia ya kwanza ni rufani. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufani katika siku 10, kisha hupeleka sababu zake Mahakama Kuu katika siku 45, bila kuhesabu siku za kungojea nakala ya hukumu. Rufani ikikubaliwa na hukumu ikatenguliwa, hatia huondoka.

Lakini sikiliza sana hapa. Aliyejibu shtaka kwa kusema "ni kweli" kwa kawaida hawezi kukata rufani juu ya hatia yenyewe. Aweza kulalamikia adhabu tu, isipokuwa kama kukiri kwake kulikuwa na kasoro. Wengi husema "ni kweli" ili wawahi kurudi kazini. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba shtaka lisomwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake kadiri iwezekanavyo, na maelezo ya kosa asomewe kabla ya kuhukumiwa. Basi usiposikia vema, sema hukusikia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Njia ya pili ni msamaha wa Rais, chini ya ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 1977. Rais aweza kumsamehe aliyetiwa hatiani, kwa masharti au bila masharti, au kumpunguzia adhabu. Ila fahamu kwamba kupunguziwa kifungo si sawa na kuambiwa hukukosa.

Mimi naona wazee wa Ukaguru walijua jambo moja lililo kubwa: kwamba kosa lazima liwe na siku ya mwisho, na mtu ajue siku hiyo ni ipi. Aliyelewa barabarani na aadhibiwe, maana roho za watu si mchezo. Lakini adhabu isiyo na mwisho humfanya mtu aone kuwa kutengenea hakuna faida.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:
1. Kwa nini kulipa faini hakufuti hatia?
2. Mtu afanye nini kabla ya kujibu "ni kweli"?
3. Kama Bunge letu lingetunga sheria ya kufuta hatia ya dereva mlevi, ingefaa apewe miaka mingapi, na kwa sharti gani?

Kwa heri, mpaka somo lijalo.