Ng'ambo ya Kagera: Likizo, Undugu na Mpaka katika Karagwe na Kyerwa

Kila inapokaribia Desemba huzuka swali lilelile: familia zetu husafiri nje ya nchi kwa mapumziko mara ngapi, na mara ngapi hubaki ndani? Majibu huwa ya aina mbili. Wapo wanaolalamika kwamba tabaka dogo la mijini limegeuza Dubai kuwa uwanja wa nyuma wa nyumba zao. Wapo pia wanaohimiza utalii wa ndani, wakisikitika kwamba Mtanzania hufa bila kuiona Serengeti. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini zote mbili zinaitazama nchi kutokea Dar es Salaam.

Katika makala haya naomba tulitazame swali hilo kutokea Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Huko mtu anaweza kunywa chai nyumbani kwake, akaenda kumsalimia shangazi yake, akarejea kabla ya jua kuzama, na kwa hesabu ya dola akawa amekwenda nchi ya kigeni. Kiswahili kina neno linaloeleza hali hiyo vizuri: ng'ambo. Maana yake ya kwanza ni upande wa pili wa maji. Maana ya nchi za nje ilifuata. Hoja yangu ni kwamba kwa wakazi wa wilaya hizi, historia ya miaka mia moja na zaidi ni historia ya maana ya kwanza kumezwa na ya pili, na kwamba hatuwezi kuhesabu safari za nje kwa haki bila kuuliza kwanza hiyo nje ilianza lini.

Karagwe ya wageni

Kabla ya ukoloni, Karagwe haikuwa pembe ya nchi. Ilikuwa njia panda. Masimulizi ya jadi humtaja Ruhinda kuwa chimbuko la nasaba ya Wahinda, na jina hilohilo hutajwa katika chimbuko la watawala wa Nkore, ambayo leo ni sehemu ya Uganda. Kwa hiyo safari kati ya Bweranyange, makao makuu ya Karagwe, na nchi za kaskazini ya mto zilikuwa safari za jamaa, za wachumba, za wafugaji na za wajumbe wa watawala.

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuja kutoka pwani kupitia Unyanyembe waliweka kituo Kafuro, jirani na makao ya Mukama. John Hanning Speke na James Augustus Grant, baada ya kusumbuliwa na madai ya hongo huko Usui, walifika kwa Mukama Rumanyika Novemba 1861 na kupokewa kwa heshima. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya cha mguu, aliuguzwa Karagwe hadi Aprili mwaka huo. Henry Morton Stanley naye alipokewa na Rumanyika mwaka 1876.

Katika kitabu cha Speke kuna jambo dogo linalogusa mada yetu. Ziwa lililokuwa karibu na makao ya Rumanyika aliliita Windermere Ndogo, kwa sababu Grant aliliona linafanana na Windermere ya kwao Uingereza. Windermere ilikuwa imefikiwa na reli mwaka 1847, na kuanzia hapo familia za miji ya viwanda zikawa zinamiminika huko kupumzika. Kwa maneno mengine, Mwingereza alipoliona ziwa la Karagwe alikumbuka mahali ambapo watu wa kwao walikwenda likizo. Ziwa lilikuwa na wenyewe na jina lake, lakini katika ramani za Ulaya lilianza maisha kama kumbukumbu ya mapumziko ya watu wengine.

Tusiipambe Karagwe hiyo kupita kiasi. Msafiri hakutembea apendavyo. Speke mwenyewe alilazimika kusubiri idhini ya Kabaka Mutesa kabla ya kuvuka kwenda Buganda. Ruhusa ilikuwepo, na ilikuwa na uzito. Tofauti ni kwamba ilitegemea uhusiano: wewe ni mgeni wa nani, na nani anakudhamini. Hadi leo mgeni huitwa omugenyi upande huu wa mto, na huko Ankole neno ni lilelile kwa tofauti ndogo ya matamshi.

Mstari wa mwaka 1890

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa himaya zao. Magharibi ya Ziwa Victoria waliafikiana kufuata latitudo ya digrii moja kusini ya ikweta. Baadaye mpaka huo ulirekebishwa ili katika eneo la Kyerwa ufuate Mto Kagera. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Karagwe ikawa chini ya Waingereza na Rwanda chini ya Wabelgiji. Hata hivyo mstari haukutulia. Mapema katika miaka ya 1920 eneo la Gisaka, mashariki ya Rwanda, liliwekwa chini ya Waingereza waliotaka njia ya reli, kisha likarudishwa kwa Wabelgiji. Mkazi wa Gisaka alibadilishiwa nchi mara mbili bila kuhama shamba lake.

Pamoja na hayo, watu waliendelea kuvuka. Kilimo cha pamba na kahawa cha Buganda kilivuta maelfu ya vibarua kutoka Rwanda, Burundi na mkoa wetu, na wengi walikatiza Karagwe kwa miguu. Upande huu, machimbo ya bati ya Kyerwa nayo yalivuta wafanyakazi. Wengine walirudi na baiskeli na nguo, wengine walioa na kubaki. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa upande wa pili wa mto. Aliposema "nyumbani" alimaanisha kilima fulani na watu fulani, na sikumsikia hata siku moja akiambatanisha neno hilo na jina la nchi.

Likizo ilitoka wapi?

Neno likizo lina nasaba na kitenzi likiza, yaani kumwachisha mtoto ziwa, au kumpa mtu ruhusa ya kuondoka kwa muda. Ni ruhusa inayotolewa na mwenye mamlaka. Katika utawala wa kikoloni, ofisa wa Kizungu alifanya kazi kwa kipindi maalumu, kisha alilipiwa nauli ya meli kwenda kwao kupumzika. Likizo yake ilikuwa ya nje ya koloni kwa sababu kwao kulikuwa nje.

Baada ya uhuru tulirithi mfumo huo na kuubadilisha mwelekeo. Mtumishi wa umma wa Tanzania ana haki ya likizo ya mwaka ya siku 28, na kila baada ya miaka miwili hulipiwa nauli ya kwenda kwao, yaani mahali palipoandikwa katika jalada lake. Huu ni msaada wa maana sana. Kwa mwalimu wa Lindi anayetoka Kyerwa, pengine ndiyo njia pekee ya watoto wake kuwaona babu na bibi. Lakini tuone pia ulichokijenga: kwa watumishi wengi likizo ya familia si kwenda kuona nchi, ni kurudi kijijini. Hatuwezi kuwalaumu kwa kutoizuru Mikumi ilhali mfumo wenyewe umewafundisha kwamba kupumzika ni kwenda kwa wazazi.

Mkulima wa kahawa na migomba hana hata hiyo. Hana likizo wala nauli. Husafiri kahawa inapolipwa, na husafiri kwa sababu: harusi, msiba, mgonjwa, kumpeleka mtoto akasalimie. Kutoka Kyerwa hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,400. Kutoka daraja la Murongo hadi Mbarara ni zaidi kidogo ya kilomita 70. Familia ya kawaida ikipata fedha ya safari moja kwa mwaka, si vigumu kukisia itakwenda upande gani. Tukiita safari hiyo utalii wa nje tutakuwa tumefuata ramani. Tukiiita uzembe wa kutoipenda nchi tutakuwa tumemwonea mtu.

Milango ilivyofungwa

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, fedha za kigeni zilidhibitiwa na safari ya starehe nje ya nchi ikawa jambo la wachache mno. Mwaka 1970 wasomi na vijana wa TANU walijadiliana vikali magazetini juu ya utalii, na hoja zao zilikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji mwaka 1973. Mjadala huo ulihusu hasa watalii wageni: je, wanatuletea maendeleo au utumwa mpya? Familia ya Mtanzania kama msafiri haikuwa kiini chake.

Huko mpakani mambo yaliharibika kwa namna nyingine. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia eneo la kaskazini ya Mto Kagera, na vita vilivyofuata viliiangusha Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Waliokuwa wakivukiana kwa harusi wakawa wanatazamana kama raia wa nchi zilizopigana.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe, na Desemba 1996 wengi wao walirejeshwa. Mwaka 2013 ikafanyika Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji haramu. Miongoni mwa walioondoka au kuondolewa walikuwemo watu walioishi nchini kwa miongo mingi, wenye wake, waume na watoto Watanzania. Ndugu yangu mmoja, aliyezaliwa Karagwe na kulipa kodi Karagwe, aliulizwa na ofisa mmoja kwa nini huenda Uganda kila mwaka. Alijibu kwamba dada yake ameolewa huko. Jibu hilo liliandikwa kama tatizo.

Hapa ndipo penye uzito wa mada hii. Familia ya Masaki ikienda Dubai mara mbili kwa mwaka huitwa yenye uwezo. Familia ya Murongo ikivuka daraja mara mbili kwa mwaka huulizwa uraia wake. Dola ina haki na wajibu wa kulinda mipaka, hasa katika ukanda ulioshuhudia vita na mauaji ya kimbari. Lakini haina sababu ya kugeuza ziara ya undugu kuwa ushahidi wa ugeni.

Tufanye nini?

Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ilizaliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, Rwanda na Burundi zikajiunga mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 2010. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikujiunga na utaratibu huo. Pasipoti ya kielektroniki iliyozinduliwa mwaka 2018 iliwekewa ada ya shilingi 150,000. Familia ya watu sita inahitaji shilingi 900,000 kabla haijapanda hata bodaboda. Hati za muda zipo, lakini kuzifuatilia kila safari ni kazi juu ya kazi.

Jambo la kwanza, basi, ni kuwapa wakazi wa vijiji vya mpakani kibali cha kudumu cha kuvuka, cha gharama ndogo, kinachoandika nani amevuka na lini. Kibali cha namna hiyo kinaimarisha usalama, maana anayevuka darajani huonekana, na anayevuka kwa mtumbwi usiku haonekani.

La pili ni hifadhi zetu. Mwaka 2019 Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato zilipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa. Ng'ambo ya mto ipo Hifadhi ya Akagera ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1934, ambayo simba walirejeshwa mwaka 2015 na faru mwaka 2017. Tukitaka mtoto wa Kayanga au Nkwenda aone nchi yake, tuanze na hifadhi iliyo umbali wa safari ya siku moja: shule zipelekwe, na simulizi za Bweranyange zifundishwe huko na wazee wenyeji.

La tatu ni takwimu. Kanuni za kimataifa za takwimu za utalii hulitaja wazo la mazingira ya kawaida ya mtu: asiyetoka katika mazingira hayo hahesabiwi kuwa mtalii. Kwa mkazi wa Murongo, Kikagati ni mazingira ya kawaida. Tuhesabu hivyo.

Nawaomba wanafunzi wangu mnaotoka wilaya hizi, mtakaporudi nyumbani mwishoni mwa mwaka, mkae na wazee mkiwa na daftari. Waulizeni walikwenda kumsalimia nani ng'ambo kabla ya vita vya mwaka 1978, walipita wapi, walibeba nini, na ni lini mara ya kwanza walipotakiwa kuonyesha karatasi. Majibu hayo hayamo katika nyaraka, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka.