Kutoka Bodi Kuu ya Zabuni hadi NeST: Historia ya Ununuzi wa Umma kwa Mfano wa Kiseke

Zabuni ni mwaliko ambao taasisi ya umma hutoa ili wenye uwezo wa kujenga, kuuza au kutoa huduma washindane kwa bei na kwa ubora. Kanuni zinazoongoza ushindani huo nchini Tanzania zimeandikwa, zikafutwa na kuandikwa upya mara kadhaa. Kiseke, kata ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, inafaa kuzifuatilia kanuni hizo, kwa kuwa eneo hilo la vilima na mawe limegeuka makazi ya mji katika miaka ile ile ambayo sheria za ununuzi zilikuwa zikibadilika. Nyumba za mfuko wa pensheni wa PPF, barabara ya lami ya Sabasaba–Kiseke–Buswelu na madarasa ya shule za serikali havikujengwa chini ya utaratibu mmoja.

Wakati wa utawala wa Waingereza, Tanganyika haikuwa na sauti kubwa katika ununuzi wake. Mahitaji makubwa ya serikali za makoloni yaliagizwa na Crown Agents, wakala wenye makao London ulioanza kazi mwaka 1833. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, mizigo ilipata njia nyepesi ya kufika ziwani, lakini uamuzi wa nani auze mashine au vyuma uliendelea kufanyika Uingereza.

Baada ya uhuru, ununuzi wa serikali uliongozwa na sheria ya hazina na ukaguzi ya mwaka 1961, pamoja na nyaraka na maelekezo ya fedha. Hapakuwa na sheria moja mahususi ya zabuni. Mikataba mikubwa ilipelekwa kwenye Bodi Kuu ya Zabuni, iliyokuwa chini ya Wizara ya Fedha, na bidhaa za kawaida zilipatikana kupitia bohari ya serikali. Azimio la Arusha la 1967 liliongeza nguvu ya mashirika ya umma, hata katika ujenzi. Mojawapo lilikuwa MECCO, kampuni ya umma ya uhandisi na ukandarasi. Kata mojawapo ya Ilemela ina jina hilo hilo hadi leo. Pale ambapo mnunuzi na muuzaji wote walikuwa mali ya dola, ushindani ulipungua maana.

Serikali za mitaa nazo zilipitia misukosuko. Mwaka 1972 zilivunjwa chini ya mpango wa madaraka mikoani. Za mijini zilirejeshwa mwaka 1978, na za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1982 ndiyo iliyozipa halmashauri msingi wa kukusanya na kutumia fedha zao, ikiwa ni pamoja na kuingia mikataba.

Katika miaka ya 1990 kasoro za mfumo huo zilionekana wazi. Mashirika ya umma yalikuwa yakibinafsishwa, kampuni binafsi ziliongezeka, na wafadhili walitaka kujua fedha zao zinavyotumika. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Benjamin Mkapa kuchunguza rushwa, iliitaja mikataba na zabuni za serikali miongoni mwa maeneo yaliyokithiri rushwa. Kimataifa, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria za Biashara ilikuwa imetoa sheria ya mfano ya ununuzi mwaka 1994, na nchi nyingi zilianza kuiga muundo wake.

Tanzania ilipata sheria yake ya kwanza ya ununuzi wa umma mwaka 2001, Sheria Namba 3 ya mwaka huo. Sheria hiyo ilikusanya pamoja kanuni zilizokuwa zimetawanyika, lakini iliiacha Bodi Kuu ya Zabuni ikiwa na kazi mbili zisizopatana: kuidhinisha zabuni kubwa na wakati huo huo kusimamia mfumo mzima. Chombo kilichotoa uamuzi ndicho kilichopaswa kuukagua.

Kasoro hiyo ilirekebishwa na Sheria Namba 21 ya mwaka 2004. Bodi Kuu iliondolewa, na kazi zikagawanywa kwa vyombo viwili. Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, ilipewa kazi ya kutoa miongozo, kukagua na kufundisha bila kutoa tuzo yenyewe. Mamlaka ya Rufani, PPAA, ilipewa kazi ya kusikiliza malalamiko ya wazabuni. Uamuzi wa nani apate kazi ulishushwa hadi kwenye taasisi inayonunua. Uganda ilikuwa imeshapitisha sheria ya aina hiyo mwaka 2003, na Kenya ikafuata mwaka 2005.

Msingi wa sheria ya 2004, ambao haujaachwa hadi sasa, ni kutenganisha mikono. Katika halmashauri, idara yenye uhitaji huandaa maelezo ya kazi inayotakiwa. Kitengo cha usimamizi wa ununuzi huandaa nyaraka za zabuni na kutangaza. Kamati ya tathmini, inayoundwa kwa zabuni husika, hulinganisha maombi kwa vigezo vilivyoandikwa ndani ya nyaraka hizo, si kwa vigezo vinavyobuniwa baadaye. Bodi ya zabuni huidhinisha au hurudisha mapendekezo. Mkurugenzi, ambaye ni afisa masuuli, ndiye anayewajibika kwa mchakato mzima na kwa mkataba. Sheria inavitaka vyombo hivi vifanye kazi bila kuingiliana. Madiwani, ambao ndio wenye bajeti kwa niaba ya wananchi, hawakai kwenye bodi ya zabuni. Wao husimamia mipango na kupokea taarifa kupitia kamati ya fedha.

Kwa wakazi wa Kiseke, swali la nani hasa hutangaza zabuni limebadilika mara kadhaa. Mwanza ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2000, na zabuni za halmashauri zilishughulikiwa na Jiji. Mwaka 2012 Manispaa ya Ilemela iligawanywa kutoka Jiji, na makao yake yakawa Buswelu, jirani na Kiseke. Mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zilihamishiwa TARURA, wakala mpya wa serikali. Hivyo leo darasa la Kiseke ni zabuni ya manispaa, barabara ya mtaa ni ya TARURA, na bomba la maji ni la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Wanunuzi ni watatu, lakini sheria ni moja.

Fedha za mkopo huongeza kanuni nyingine. Mradi wa miji mkakati ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliihusisha Mwanza, na barabara ya Sabasaba–Kiseke–Buswelu ni miongoni mwa kazi zake. Sheria ya Tanzania inaruhusu masharti ya mkataba wa kimataifa yatangulie pale yanapogongana na sheria ya ndani. Ndiyo maana zabuni za miradi ya namna hiyo hufuata nyaraka za mkopeshaji na hupelekwa kwake kupata ridhaa katika hatua muhimu.

Sheria ya 2004 ilipata mtihani mkubwa mapema. Ukame wa mwaka 2006 ulileta uhaba wa umeme, na mkataba wa dharura ukatolewa kwa kampuni ya Richmond. Kamati teule ya Bunge ilieleza kwamba taratibu za zabuni zilikiukwa, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Tukio hilo lilionyesha kwamba mlango wa dharura ndio rahisi zaidi kupenyeka, hata pale ambapo milango mingine imefungwa vizuri.

Sheria Namba 7 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2013, ilisisitiza mpango wa ununuzi wa mwaka mzima na ikaweka kipindi cha siku 14 kati ya kusudio la kutoa tuzo na kusainiwa kwa mkataba. Ndani ya siku hizo, mzabuni aliyeshindwa alielezwa sababu na aliweza kulalamika kwanza kwa afisa masuuli, kisha kwa Mamlaka ya Rufani. Faida ya kifungu hicho ni kwamba malalamiko husikilizwa kabla kazi haijaanza, wakati uamuzi bado unaweza kurekebishwa.

Malalamiko ya miaka iliyofuata yalikuwa ya aina nyingine: ununuzi unachelewa, na serikali inauziwa kwa bei inayozidi ya soko. Marekebisho ya 2016 yalifupisha muda wa hatua mbalimbali, yakaruhusu kununua moja kwa moja kwa mtengenezaji katika mazingira fulani, na yakaagiza asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kinachopika chakula au kushona sare kikapata nafasi ya kisheria ya kuuza kwa serikali bila kupambanishwa na kampuni kubwa.

Kipindi hicho hicho utaratibu wa foso akaunti ulienea. Taasisi hujenga yenyewe kwa kununua vifaa na kuajiri mafundi wa mtaani, chini ya kamati za watumiaji na wahandisi wa halmashauri. Mwaka 2021 fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 zilitumika kujenga madarasa 15,000 nchini kote kwa njia hiyo. Gharama ilishuka na wananchi waliona kazi kwa macho. Hata hivyo kamati za shule zilibebeshwa kazi za kitengo cha ununuzi: kutafuta bei, kutunza stakabadhi na kupokea vifaa.

Mageuzi ya karibuni yameugusa mchakato wenyewe. Mfumo wa kwanza wa zabuni kwa kompyuta, TANePS, uliachwa mwaka 2023, na nafasi yake ikachukuliwa na NeST, uliotengenezwa na wataalamu wa Tanzania. Sheria Namba 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, iliufanya mfumo huo kuwa njia ya lazima. Kampuni, fundi au kikundi hujisajili humo, husoma matangazo, hutuma maombi na kupokea matokeo. Sanduku la zabuni na bahasha zilizofungwa kwa lakiri, pamoja na safari ya kwenda kushuhudia ufunguzi, vimebaki historia. Kanuni mpya pia zimeongeza ukomo wa thamani ya kazi zinazotengwa kwa kampuni za Kitanzania pekee.

Katika vipindi vyote hivyo, kila sheria iliziba pengo lililoachwa na iliyotangulia: kwanza ukosefu wa kanuni, kisha mwamuzi aliyekuwa pia mkaguzi, kisha ucheleweshaji, na sasa mikutano ya ana kwa ana kati ya mnunuzi na mzabuni. Pengo lisiloweza kuzibwa na mfumo wa kompyuta ni usimamizi wa mkataba baada ya tuzo. Unene wa lami ya Kiseke, uimara wa zege la darasa na tarehe ya kukabidhi kazi bado hutegemea mhandisi anayepima, kamati inayokagua na afisa anayekataa kusaini hati ya malipo kwa kazi ambayo haijakamilika.